Kusomea ubunifu wa gemu ukiwa mtu mzima, ukiwa Lamu

Namwandikia mtu wa miaka arobaini, hamsini hata na zaidi, anayeishi Amu, Shela au Matondoni, mwenye kazi yake na watu wanaomtegemea, ambaye kwa muda sasa anawaza kusomea namna gemu za kompyuta na za simu zinavyobuniwa. Huenda uliuliza ukaambiwa hiyo ni kazi ya vijana. Huenda uliona karo ya chuo ukakata tamaa. Njia hii nimeipita nikiwa na umri huo, na siku hizi huketi na wengine wanaoianza. Naona wengi huanzia mwisho: hutafuta chuo, kisha kompyuta, na baada ya hapo ndipo wajiulize gemu ni kitu gani hasa. Mimi nakushauri uende kinyume. Anza na kanuni za mchezo, kwa karatasi na kete. Maliza gemu moja ndogo kwenye kompyuta. Karo ije baada ya hapo, ukiwa tayari unajua unalipia nini.

Ijue kazi yenyewe

Mbunifu wa gemu ndiye anayeamua mchezaji aruhusiwe nini, azuiwe nini, apate nini na apoteze nini. Kuandika programu ni kazi nyingine, kuchora nyingine, sauti nyingine, na kuijaribu gemu ili kutafuta kasoro ni nyingine tena. Katika kampuni kubwa kila kazi ina wenyewe. Katika kikundi cha watu watatu Mombasa au Nairobi, mtu mmoja hushika kazi mbili au tatu. Wewe unayeanza peke yako utazigusa zote, ila usizichanganye. Watu wa rika letu huacha kabla ya kuanza kwa sababu hawajui kuchora, au kwa sababu hesabu ziliwatoa jasho shuleni. Mchoro unaweza kuuomba kwa mwingine. Uamuzi wa kanuni hauombwi kwa mtu, na huo ndio unaoutaka kuusomea.

Hapo umri unakufaa. Umeshapatana bei sokoni, umesuluhisha watoto wakigombania zamu, umeona mtu akinuna kwa kushindwa na mwingine akicheka. Mbunifu hufanya kazi kwa maarifa hayo kila siku, na kijana wa miaka 19 bado anayakusanya.

Lisome bao upya

Kama hujui bao la Kiswahili, nenda ukafundishwe na wazee barazani. Kama unalijua, litazame sasa kwa jicho la mtu anayetaka kujua limeundwaje.

Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane. Kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: sita katika nyumba, yaani lile shimo kuu la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 hubaki mkononi mwake. Katika namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kila zamu unatia kete moja kutoka mkononi. Mkono ukiisha mnaingia mtaji, hatua ya pili, na kuanzia hapo hamna akiba, mnacheza kwa zilizoko ubaoni tu. Anayeishiwa safu yake ya mbele ameshindwa.

Jiulize: kwa nini kete 22 zibaki mkononi, zisitandazwe zote tangu mwanzo? Jaribu kuzitandaza zote uone. Utagundua kwamba namua huwapa wachezaji muda wa kuujenga ubao wenyewe, kila mmoja kwa tabia yake, na kwamba kadiri mkono unavyopungua ndivyo mtu anavyozidi kuwa na wasiwasi. Gemu moja, hali mbili tofauti, na kivuko baina yake ambacho kila mchezaji anakiona kinakuja. Wabunifu wa leo hutafuta jambo hilo kwa shida sana.

Tena jiulize: kwa nini kula ni lazima pale unapoweza kula? Kama ungekuwa na hiari, mchezaji mwoga asingetoka nje ya ngome yake. Kwa kuwa ni lazima, mpinzani anaweza kukutegea, ukalazimika kula mahali usipopataka. Kanuni moja fupi imezaa hila zote hizo. Na nyumba je? Kete ya mwisho ya kula ikiangukia nyumbani, una hiari: kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzitoa kete za nyumba na kuendelea kuzitandaza. Tazama uso wa mchezaji akifika hapo, jinsi anavyonyamaza na jinsi watazamaji wanavyoanza kumshauri wote kwa pamoja. Gemu nzuri ina nafasi kama hizo, ambapo uamuzi ni mzito na majibu yote mawili yana hasara yake.

Zoezi la wiki mbili za kwanza ni hili. Badilisha kanuni moja tu ya bao, mcheze, uandike kilichotokea. Ondoa nyumba. Punguza kete za mkononi ziwe 12. Fanya kula kuwe hiari. Badilisha moja kwa wakati, kwa sababu ukibadilisha mbili hutajua ni ipi iliyoharibu mchezo au kuutengeneza. Kisha weka bao kando ucheze dhumna na karata kwa jicho lilelile. Bao halina siri, kete zote ziko mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna bahati ndani yake. Karata zina siri na zina bahati. Jiulize ni nani hupenda lipi, na kwa nini yule yule anayeshinda bao kila jioni hataki kabisa kukaa kwenye karata.

Daftari utakaloliandika hapa usilitupe. Utalihitaji ukienda kuomba nafasi chuoni.

Gemu yako ya kwanza iwe ya karatasi

Nitakupa mfano mmoja kamili ili uone kazi inavyokwenda. Ni mfano wa hapa kwetu: punda katika vichochoro.

Chora ramani kwenye karatasi kubwa. Upande mmoja ni jeti, yaani gati la boti, upande wa pili ni nyumba mbili zinazojengwa, moja ya kila mchezaji. Katikati chora Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na vichochoro vinavyoukata, uvigawe kwa vituo vya duara, kama vituo arobaini hivi vyote pamoja. Kila mchezaji ana punda watatu, ambao ni vifuniko vya chupa. Mizigo ya mchanga ni maharagwe. Kanuni za kuanzia ni hizi: kwa zamu yako unasogeza punda mmoja. Punda mtupu huenda hadi vituo vitatu, mwenye mzigo hadi viwili. Kichochoro hakipitishi punda wawili. Wakikutana uso kwa uso, aliye mtupu hurudi nyuma hadi njia panda iliyo karibu. Atakayefikisha mizigo kumi kwanza ameshinda.

Ukisoma kanuni hizo utadhani zimetosha. Waketishe watu wawili wacheze. Mmoja wao, na mara nyingi ndiye mkimya, ataona kwamba punda mwenye mzigo hafukuzwi na yeyote, basi atamsimamisha katikati ya kichochoro cha mwenzake na kumwacha hapo, huku wale wawili wengine wakiendelea kubeba. Mchezo umekwama. Mchezaji huyo hakukosea, amefanya kile kanuni zako zilichomruhusu. Sasa kazi ya ubunifu ndiyo imeanza.

Dawa ziko nyingi na kila moja ina matokeo yake. Unaweza kusema punda mwenye mzigo haruhusiwi kukaa kituo kimoja kwa zamu mbili mfululizo. Jaribu: sasa atacheza nenda-rudi palepale, na hila imebaki ileile. Unaweza kusema kila zamu aliyosimama anapunguziwa mzigo. Sasa kuziba njia kuna gharama, na mchezaji anapima kama inafaa. Unaweza kufungua kichochoro cha tatu kirefu zaidi, ili aliyezibiwa awe na pa kuzungukia. Mimi huipenda hii ya tatu, kwa sababu haimkatazi mtu kitu, inampa mwenzake njia. Lakini usiniamini mimi, iamini meza. Cheza kila moja, andika, chagua.

Ukishafika mahali ambapo watu wakimaliza wanataka kurudia bila kuombwa, simama hapo. Usiongeze askari, wala mvua, wala soko. Hamu ya kuongeza ndiyo inayoua kazi nyingi za wanaoanza, wa umri wowote.

Ongea na watu wa nyumbani mapema

Swali la kwanza utakaloulizwa, hasa na wazee, ni kama hii si kamari. Wana haki ya kuuliza. Wameona mashine za kubahatisha zikila hela za vijana, na neno gemu kwao limeshikana na jambo hilo. Wajibu waziwazi, tena uwe umeshaamua moyoni: hutauza bahati kwa pesa katika kazi yako. Zipo gemu ambazo mchezaji hulipa ili afungue sanduku asilojua lina nini. Ubelgiji mwaka 2018 ilitangaza kwamba masanduku hayo ya kulipia ni kamari kwa sheria yake. Ukiwa na msimamo huo tangu mwanzo, mazungumzo ya nyumbani huwa mepesi, na kazi yako huwa safi.

Swali la pili ni wakati. Usiahidi usiku mzima. Saa sita kwa wiki, zilizopangwa na kujulikana na wote, zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Wengi tunaojifunza hapa tumeona baada ya swala ya alfajiri hadi saa moja na nusu ndiyo nyakati bora, kabla simu haijaanza kulia na kabla joto halijapanda. Mwezi wa Ramadhani usijilazimishe kuandika programu mchana ukiwa na kiu. Tumia usiku baada ya tarawehe, watu wakiwa wamekusanyika barazani, kuwapa gemu yako ya karatasi waijaribu. Siku za Maulidi nyumba ikijaa wageni, pumzika, au uwatumie wageni wenyewe kama wachezaji wapya.

Na macho. Kuanzia miaka arobaini hivi watu wengi huanza kushindwa kuona maandishi ya karibu. Nenda ukapimwe kabla hujajilaumu kwamba kichwa hakishiki. Kuza maandishi kwenye kompyuta.

Kompyuta, umeme na chumvi

Hauhitaji mashine ya bei kubwa. Laptopu iliyotumika, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inatosha kabisa kwa gemu za picha bapa. Kabla ya kulipa, iwashe uitumie nusu saa bila waya uone betri inakaa kiasi gani, maana umeme ukikatika katikati ya kazi betri ndiyo itakayokuokoa. Hewa yetu ya bahari hula vyuma, kwa hiyo usiiache mashine wazi dirishani. Ifunge kwenye kasha lenye vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uiwashe mara kwa mara hata kama hauna kazi nayo.

Kazi yako iwe mahali pawili kila siku: kwenye mashine na kwenye flashi. Ukiwa na bando, iweke pia GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi za programu, ambako ni bure.

Lual Mayen, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alipata laptopu yake ya kwanza baada ya mama yake kudunduliza kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300. Kuichaji kulimlazimu kutembea saa kadhaa. Alijifunza mwenyewe, akabuni gemu kuhusu amani, na leo ana kampuni yake Marekani. Namtaja kwa sababu kila mara mtu akiniambia hawezi kuanza mpaka apate mashine ya laki moja na nusu, namkumbuka mama yule.

Kutoka karatasi kwenda kioo

Anza na Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu. Imetengenezwa na chuo cha MIT cha Marekani, ilitoka mwaka 2007, ni bure, na maandishi yake unaweza kuyaweka kwa Kiswahili. Unaipakua mara moja kisha unaitumia bila intaneti. Amri zake ni vipande vya rangi unavyovipachika kimoja chini ya kingine. Watu wazima huiona ya kitoto wakaipita. Usiipite. Mwezi mmoja wa Scratch utakufundisha mambo manne yanayorudi katika kila programu ya gemu duniani: tukio linaloanzisha jambo, kurudia, sharti, na namba inayohifadhiwa ikabadilika. Mtengeneze punda mmoja anayetembea kwa vitufe vya mishale, asipite ukutani, na anayehesabiwa mizigo. Ukifaulu hilo, toka Scratch.

Kisha ingia Godot. Hii ni injini ya gemu, yaani programu ya kuundia gemu, iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, na tangu 2014 imewekwa wazi kwa kila mtu. Naipendekeza kwa watu wa Lamu kwa sababu za hapahapa petu. Faili lake ni dogo ukilinganisha na injini nyingine ambazo hula GB nyingi, kwa hiyo bando la kawaida linatosha. Haihitaji kusakinishwa, unalifungua faili na kuanza. Haidai leseni, haidai asilimia ya mauzo yako. Maelezo yake yote unaweza kuyapakua ukayasoma bila mtandao. Ukianzisha kazi mpya, itakuuliza aina ya uchoraji wa picha: chagua Compatibility, ndiyo inayofaa mashine za zamani na simu za kawaida.

Unity ni injini nzuri pia na ina ajira nyingi, lakini Septemba 2023 kampuni yake ilitangaza ada mpya kwa kila gemu itakayosakinishwa, wabunifu wakalalamika dunia nzima, na mwaka mmoja baadaye ada hiyo ikafutwa. Mtu mzima anayejifunza kwa pesa ya mfukoni hana haja ya wasiwasi wa namna hiyo katika mwaka wake wa kwanza. Utajifunza Unity baadaye ikiwa kazi itakudai, na mengi utakuwa tayari unayajua.

Lugha ya Godot inaitwa GDScript. Kwa anayehofia Kiingereza: maneno ya lugha yenyewe ni machache, yanatosha karatasi moja, na utayazoea kabla ya mwezi kuisha. Ugumu hauko kwenye maneno, uko kwenye mpangilio wa mawazo. Kikundi cha GDQuest kina somo la bure la kuanzia sifuri, lenye mazoezi unayoyajibu palepale. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kimeweka bure mtandaoni kozi yake ya kutengeneza gemu, katika mfululizo unaoitwa CS50. Hiyo ni ngumu zaidi, iache mpaka mwaka wa pili. Maliyo Games ya Nigeria huendesha mafunzo ya GameUp Africa kwa wanaoanza barani. Angalia wanapofungua maombi. Video zipakue ukiwa kwenye waifai, uzitazame nyumbani, na usitazame ya pili kabla hujaifanya ya kwanza kwa mikono yako.

Hesabu zitakuja. Jambo kubwa ni vekta, yaani mwendo wenye kasi na upande. Kama umewahi kushika usukani wa jahazi ukahesabu upepo unakusukuma huku na mkondo unakuvuta kule ndipo ujue utaangukia wapi, basi jambo hilo unalijua, unachokosa ni kuliandika kwa namba mbili. Wahi pia kukumbuka ile kanuni ya pembetatu ya Pythagoras ya kidato cha pili, maana ndiyo inayopima umbali kati ya punda na ukuta.

Kwa picha tumia Krita au Inkscape, kwa sauti Audacity, kwa vitu vya pande tatu Blender. Zote ni bure. Usijifunze zote. Kwa gemu ya kwanza, miraba ya rangi inatosha.

Kaa kimya, utazame

Gemu ikianza kutembea, mpe mtu simu au laptopu, kaa pembeni, funga mdomo. Hili ni gumu kwa mtu mzima aliyezoea kuelekeza watoto. Mtoto wa jirani atakuuliza, "Ami, mbona huyu punda haendi?" Ulimi utakuwasha. Mjibu, "Hebu jaribu utakavyo." Kisha andika: amekwama wapi, amebonyeza nini, alitarajia nini. Gemu yako ikishakwenda kwa watu hautakuwepo kuwaeleza.

Jaribu kwa watu wa aina mbalimbali: mwanafunzi, mvuvi, mama mwenye duka, mzee wa bao. Mzee wa bao ataona tundu la kanuni kabla ya wote.

Sasa tafuta chuo, na vyeti

Ukiwa na gemu moja ya karatasi, moja ndogo ya kompyuta, na daftari la majaribio, una kitu cha kuonyesha. Pia utajua kama unataka kweli, jambo ambalo karo haiwezi kukwambia.

Kwanza panga vyeti. Cheti cha KCSE kikiwa kimepotea, KNEC ndiyo inayoshughulikia. Kwa kawaida shahada hudai C+ na diploma C-. Ukiwa na alama za chini ya hapo kuna kozi za cheti ambazo hukupandisha hadi diploma, na ikiwa hukufanya kabisa kidato cha nne unaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi. Ipo pia njia ya kutambuliwa ujuzi uliopatikana kazini bila darasa, chini ya mamlaka ya KNQA. Inawafaa mafundi wa muda mrefu, seremala au fundi umeme, wanaotaka ngazi rasmi ya kuanzia.

Kozi iliyo karibu zaidi na jambo letu ni ya Nairobi: Africa Digital Media Institute hufundisha utengenezaji wa gemu pamoja na uhuishaji. Hiyo ni boti hadi Mokowe, basi, na kupanga chumba, kwa hiyo uliza sana kuhusu masomo ya mbali kabla ya kuamua. Ikiwa unataka shahada ya fani ya kompyuta bila kuhama, Open University of Kenya, iliyopewa hati mwaka 2023, hufundisha kwa mtandao. Mombasa kuna Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus, ambako watu wa teknolojia na sanaa hukutana. Si chuo cha shahada, lakini kwa mtu wa Pwani anayetafuta wenzake wa kazi ni mahali pa kwenda kuketi ukifika mjini.

Chuo chochote utakachokifikiria, hakikisha kimesajiliwa: vyuo vya ufundi na TVETA, vyuo vikuu na CUE. Kisha omba kuona gemu zilizomalizwa na wanafunzi wao. Sisemi picha za kwenye tangazo, nasema gemu unayoweza kuishika ukaicheza. Uliza mwalimu ametoa gemu gani. Uliza mtu mwenye kazi hufanyaje akikosa wiki mbili. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, shika pesa zako.

Kutoa gemu, na mapato

Nitasema kweli kuhusu pesa. Kampuni za gemu Kenya ni chache na ndogo. Leti Arts, iliyoanzishwa 2009 na Wesley Kirinya wa Kenya pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, ni miongoni mwa zilizotangulia. Usiache kazi yako ukitarajia kuajiriwa baada ya miezi sita. Njia ninayoiona kwa mtu wa Lamu ni gemu za kufundisha na za urithi: shule, zahanati, mashirika ya mazingira yanayotaka watoto waelewe mikoko, makumbusho. Mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na wageni wanaokuja wanataka kujua vichochoro hivi vilijengwaje na kwa nini. Wewe unajua. Gemu ya dakika tano anayoicheza mgeni akiwa jumba la makumbusho ni kazi ya mtu mmoja, na inaweza kulipiwa.

Ukitumia nyimbo, nakshi za milango au jambo la ibada, waulize wenyewe kwanza. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, na hata bila sheria hiyo tunaishi mtaa mmoja. Kazi yako mwenyewe isajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Pa kuanzia kutoa ni itch.io: haitozi ada ya kuweka gemu, na wewe ndiwe unayeamua tovuti ibakize asilimia ngapi ya mauzo. Mwezi wa Januari kuna Global Game Jam, inayofanyika kila mwaka tangu 2009, ambapo watu duniani kote hutengeneza gemu kwa siku chache kwa mada moja. Shiriki hata kama utatoa kitu kidogo, kwa sababu utalazimika kumaliza. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hudai dola 100 kwa kila gemu. Google Play hudai dola 25 mara moja tu, na kwa watu wetu wenye simu za Android ndipo penye wachezaji.

Lakini jua sharti hili kabla hujalipa: akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Google Play haiwezi kutoa gemu kwa umma mpaka watu wasiopungua 12 wawe wameijaribu kwa siku 14 mfululizo. Waandike majina yao mapema, wawe kumi na watano ili akijitoa mmoja au wawili usianze upya, kila mmoja akupe anwani yake ya Gmail. Waeleze kwamba wasiifute gemu kwenye simu kabla ya siku hizo kutimia, na uwape namba yako ili watakapokwama wakuambie walikuwa wamefika kituo gani.